Diski ya GB 480 iliyojaa ikiwa tupu

Saa mbili na nusu asubuhi, Jumatatu, simu ikaita. Aliyepiga hakunisalimia.

"Fundi, mashine inaonyesha bei lakini haitaki kuuza."

Alikuwa mhasibu wa duka moja la dawa za jumla huko Tanga. Seva yao niliifunga mimi mwenyewe miaka mitatu kabla ya simu hiyo: mfumo endeshi wa Debian 11, hifadhidata ya PostgreSQL 13, na programu ya mauzo inayofunguliwa na kompyuta nne za kaunta. Wateja watatu wa kwanza asubuhi hiyo walipata risiti, wa nne akakwama. Nilipomwambia natafuta bodaboda nije, akaongeza jambo lililonitia tumbo joto: "Tumeshaizima na kuiwasha. Sasa hata bei haionyeshi."

Nilimkuta mwenye duka amesimama mlangoni na daftari mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ingia tu, mwanangu, watu wako foleni."

Seva iko stoo, kwenye rafu ya juu, katikati ya makatoni ya dawa za maji. Nikachomeka kibodi, nikaingia, nikajaribu kuiamsha PostgreSQL. Haikuamka. Kwenye logi yake, yaani daftari la matukio, kulikuwa na mstari mmoja wa maana:

`could not write lock file "postmaster.pid": No space left on device`

Kwa lugha ya stoo: hakuna pa kuweka hata kijikaratasi cha kuandika "nipo kazini". Nikamwambia mzee diski imejaa. Akaniangalia kama mtu aliyeambiwa bahari imekauka. "Diski niliyonunua mimi? Ile ya 480? Sasa hivi vidonge vinajazaje 480?"

Swali lilikuwa la haki, na jibu lilikuwa mbele yetu wote wawili, kwenye amri ya `df` inayoonyesha nafasi ya kila kipande:

```
/dev/sda2    28G   27G     0  100%  /
/dev/sda4   408G  3.1G  384G    1%  /home
```

Diski ni moja, imekatwa vipande, yaani patisheni. Kipande cha GB 28, kile cha `/` kiitwacho mzizi, kimebeba mfumo wote, logi zote na hifadhidata nzima ya duka. Kipande cha GB 408 kimebeba `/home`, yaani vitu binafsi vya watumiaji, kwenye seva ambayo mtumiaji wake ni mimi peke yangu, tena ninayeingia mara moja kwa miezi miwili. Mzee alikuwa na ghala kubwa tupu, na mzigo wote umebanwa kwenye kibaraza. Na aliyejenga ghala hilo ni mimi.

Siku ile ya kwanza nilifanya wanachofanya wengi. Kisakinishi cha Debian 11 hukupa mipango mitatu ya kukata diski: kila kitu kwenye patisheni moja, `/home` kivyake, au `/home`, `/var` na `/tmp` kila mmoja kivyake. Nilichukua wa pili, kwa sababu ndio ninaoutumia kwenye laptopu yangu, ambako una maana kweli: ukitaka kusimika mfumo upya, unaufuta mzizi na picha zako zinabaki `/home`. Lakini kwenye seva ya duka vitu vinavyokua viko `/var`: hifadhidata iko `/var/lib/postgresql`, logi ziko `/var/log`, vifurushi vilivyopakuliwa viko `/var/cache/apt`. Vyote hivyo nilivitia kwenye GB 28 pamoja na mfumo wenyewe, kisha nikatia GB 408 mahali ambapo hakuna mtu.

Hata hivyo, hilo halikueleza kwa nini imejaa *leo*. Mwezi uliotangulia nilikuwa nimeangalia na mzizi ulikuwa umetumia GB 16. Hifadhidata ilikuwa na GB 9.5 baada ya miaka mitatu. Duka la namna hiyo haliwezi kuongeza GB 10 ndani ya siku chache hata likimuuzia dawa kila mtu wa Tanga hadi Horohoro.

Hapo nikaanza kutafuta, na ndipo kisa kiliponoga.

Chombo cha kwanza ni `du`, kinachopita folda kwa folda na kujumlisha. Nikakiendesha kwa `-x` kisivuke kwenda patisheni nyingine: `du -xsh /`. Kikasema GB 16. Kile kile cha mwezi jana. Sasa `df` inasema zimetumika 27, `du` inasema 16. Zaidi ya GB 10 hazina mwenyewe.

Tofauti hiyo ina washukiwa wake wa kawaida. Wa kwanza ni faili lililofutwa huku programu bado imelishikilia. Kwenye Unix kufuta faili ni kuondoa jina lake tu. Nafasi hairudi mpaka wa mwisho aliyelifungua alifunge. `lsof +L1` huwaonyesha hao. Niliiendesha, sikuona kitu, halafu nikajicheka: seva imezimwa na kuwashwa nusu saa iliyopita, faili la namna hiyo lisingeweza kuvuka. Mshukiwa wa pili ni inodi, kadi ya kumbukumbu ya kila faili. Ext4, mfumo wa mafaili ulio kwenye patisheni hizi, hutenga idadi ya inodi siku ya kuundwa, kwa kawaida inodi moja kwa kila baiti 16,384, na kila faili hula moja hata kama lina herufi tatu. Patisheni ya GB 28 inapata takriban milioni 1.8. Zikiisha, utapata ujumbe ule ule wa kukosa nafasi hata kama `df -h` inaonyesha nusu iko wazi; nimewahi kuona programu iliyotupa mafaili madogo ya vikao vya wateja mpaka ikazimaliza. Lakini `df -i` hapa ilisema zimetumika asilimia 9.

Nilikaa juu ya katoni nikatazama nyaya. Kando ya seva kulikuwa na diski ya nje ya TB 1, ile ya bakapu. Taa yake inawaka. Nikamuuliza kijana wa stoo kama kuna aliyeigusa.

"Leo asubuhi nimeichomeka, kaka. Nilikuta plagi yake imetolewa kwenye ekstensheni, kuna chaja ya simu."

"Tangu lini?"

Akafikiri. "Umeme ulipokatika. Jumatano."

Basi. Mzimu nimeshaujua.

Hapa inabidi nieleze kidogo kwa asiyezoea. Kwenye Unix na jamaa zake hakuna C wala D. Kuna mti mmoja unaoanzia kwenye mzizi, `/`, na kila diski au patisheni hupachikwa kwenye tawi fulani la mti huo. Tawi lenyewe ni folda ya kawaida kabisa, iliyoko kwenye patisheni ya chini. Ukipachika diski juu ya folda, unaiona diski. Usipopachika, unaiona folda, na ukiandika humo hakuna anayekuuliza. Diski ya bakapu ya duka ilikuwa inapachikwa `/mnt/nakala`.

Jumatano mchana umeme ulikatika, betri ya UPS ikaisha, seva ikazimika. Katika giza hilo mtu akachomoa adapta ya diski ya nje ili achaji simu kwenye UPS iliyokuwa inakata roho. Umeme uliporudi seva ikajiwasha yenyewe, kama nilivyoipangia. Ikaitafuta diski ya bakapu, haikuiona, ikaendelea. Iliendelea kwa sababu nilikuwa nimeandika `nofail` kwenye `/etc/fstab`, orodha ya vitu vya kupachika seva inapowaka. Bila neno hilo Debian husubiri sekunde 90 kisha huingia hali ya dharura na kudai nywila ya `root`, msimamizi mkuu wa mfumo, kwenye skrini, jambo ambalo duka lisilo na fundi haliwezi kulimaliza. Kwa hiyo `nofail` ilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa kwingine: hati yangu ya bakapu, faili la amri linalojiendesha saa nane usiku, haikuwahi kuuliza kama diski ipo. Iliandika tu kwenye `/mnt/nakala`. Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, Jumatatu. Nakala tano, kila moja GB 2.1, zote zikatua kwenye folda tupu ya mzizi.

Na kijana alipochomeka diski asubuhi, kisha wakazima na kuwasha, diski ikapachikwa vizuri kabisa juu ya folda ile, ikazifunika nakala zote tano. `du` hupita juu ya mti kama unavyoonekana, kilichofunikwa hakioni. `df` huuliza mfumo wa mafaili wenyewe umetumia kiasi gani. Hiyo haifunikwi na kitu. Ndiyo maana hesabu zao hazikukutana.

Dawa yake ni kuupachika mzizi mara ya pili mahali pengine, ili uuone bila vilivyo juu yake:

```
mkdir /mnt/chini
mount --bind / /mnt/chini
ls -lh /mnt/chini/mnt/nakala
```

Zilikuwepo zote tano, zimejipanga kwa tarehe. Sikuzifuta, maana ndizo zilizokuwa bakapu pekee za siku hizo tano. Nikazihamishia kwenye diski ya kweli, nikaamsha PostgreSQL, na saa tano kasoro robo kaunta ya kwanza ikatoa risiti. Mhasibu akaanza kuingiza mauzo ya daftari.

Kuna jambo dogo nililibaini baadaye nikiwa nimetulia. Kwa nini asubuhi wateja watatu walipita na wa nne akakwama? Ext4 huweka akiba ya asilimia 5 ambayo `root` pekee ndiye anayeweza kuigusa, kusudi mfumo ukijaa msimamizi bado apate pa kufanyia kazi. Kwenye GB 28 hiyo ni kama GB 1.4. Hati yangu ya bakapu ilikuwa inaandika kama `root`. Kwa hiyo usiku wa tano ilipita mpaka ikaingia kwenye akiba bila kusimamishwa, wakati PostgreSQL, inayokimbia kwa jina la mtumiaji wake wa kawaida, ilikuwa imeshafungiwa mlango. Hifadhidata huandika kwenye kurasa za KB 8; mauzo matatu ya kwanza yalienea kwenye kurasa zilizokuwa na nafasi, la nne likahitaji ukurasa mpya na faili halikuweza kurefuka. Akiba iliyowekwa ili kumwokoa msimamizi ililiwa na hati ya msimamizi.

Ukitaka kucheka zaidi: asilimia 5 ile ile ilikuwa imetengwa pia kwenye `/home`. Hiyo ni zaidi ya GB 20, imekaa inamsubiri `root` ambaye hatakuja.

Jioni nilikaa na mzee tukanywa kahawa. Nilimwambia nitaikata diski upya Jumapili, bila malipo, kwa sababu kosa la mpango ni langu. Aliuliza swali moja ambalo mafundi wengi hatujiulizi. "Sasa hicho kipande cha dawa utakipa ngapi?" Nikataka kumjibu namba, nikasita. Miaka mitatu kabla nilianza na namba, na ndiyo iliyonifikisha hapa. Swali la kwanza lilipaswa kuwa: kitu fulani kikijaa, nani azibwe pumzi? Kila kitu kinachokua siku moja kitajaa, kwa sababu ya hitilafu, ya mdudu kwenye programu, au ya mtu na chaja yake. Ukuta wa patisheni unawekwa ili anayejaa ajae peke yake. Logi zikijaa, nisipate logi lakini duka liuze. Bakapu ikijaa, nikose bakapu ya leo lakini duka liuze. Hifadhidata ikijaa, duka lisimame, sawa, lakini niweze kuingia na kurekebisha. Nikishajua kuta zipite wapi, namba zinakuja zenyewe.

Si kila mtu anakubaliana na kuta. Patisheni moja kubwa ina watetezi wake, na kwa kompyuta ya mtu binafsi mimi ni mmoja wao. Hoja yao ni kwamba kuta hukufanya ujaze chumba kimoja huku kingine kitupu, na kisa hiki ni ushahidi wao kabisa: ningeweka kila kitu pamoja, nakala tano za GB 2.1 zisingetikisa kitu kwenye GB 447 (ndizo zile 480 za dukani, kwa hesabu ya kompyuta). Kweli. Zingetikisa baada ya miezi sita badala ya siku tano, maana hakuna mtu angejua diski ya bakapu imechomolewa. Upande wa pili kabisa wako watu wa OpenBSD, mfumo mwingine wa jamii ya Unix: ukiwaachia wakukatie diski kubwa, wanakupa `/`, `/tmp`, `/var`, `/usr`, `/usr/X11R6`, `/usr/local`, `/usr/src`, `/usr/obj` na `/home`, kila mmoja chumba chake, na sababu zao ni za ulinzi zaidi kuliko nafasi, kwa kuwa kila patisheni inaweza kupewa masharti yake, kama kukataza programu zenye ruhusa za mwenye mfumo zisifanye kazi ndani ya `/tmp`. Wanaotumia ZFS, mfumo wa mafaili, kwenye FreeBSD, ndugu wa OpenBSD, wamelikwepa swali kwa ustadi: vyumba vingi, lakini bwawa la nafasi ni moja, na kila chumba unakiwekea kikomo au unakihifadhia chake.

Tena, mgawanyo wenyewe wa folda tunaouheshimu leo haukutoka kwenye falsafa yoyote. `/usr` ilikuwa diski ya watumiaji huko Bell Labs, miaka ya mwanzo ya 1970, waundaji wa Unix Ken Thompson na Dennis Ritchie walipokuwa na diski za megabaiti chache. Mfumo ulipovimba ukazidi diski ya kwanza, sehemu yake ikamwagikia kwenye ile ya watumiaji, ikabaki huko, na vizazi vikaja kuandika maelezo ya kwa nini ni lazima iwe hivyo. Debian 12, ya 2023, imelazimisha hatimaye `/bin` na `/lib` ziwe njia tu za kuingilia ndani ya `/usr`. Kibaraza na nyumba vimerudi kuwa kitu kimoja baada ya miaka hamsini.

Turudi Tanga. Nilikuwa na njia tatu. Ya haraka: kuhamishia folda ya PostgreSQL ndani ya `/home` na kuweka kiungo. Ingefanya kazi siku hiyo hiyo, na fundi atakayekuja baada yangu angenilaani. Ya pili: kusimika upya kila kitu. Ya tatu, niliyoichukua: kuacha mzizi ulivyo, kuifuta patisheni ya `/home` yenye GB 3 tu, na nafasi yake yote kuikabidhi LVM.

LVM ni tabaka linalokaa kati ya diski na mifumo ya mafaili. Badala ya kukata diski kwa msumeno, unaikusanya nafasi kwenye fungu moja kisha unapima vipande kutoka humo, na kipande kinaweza kurefushwa baadaye hata kama nafasi inayofuata kwenye diski imeshachukuliwa na kingine. Fungu nililiita `ghala`, kwa heshima ya mzee.

Hesabu nilianza na hifadhidata. GB 9.5 kwa miaka mitatu ni kama GB 3.2 kwa mwaka. Nikadhani duka litaendelea hivyo au kukua kidogo, miaka mingine mitatu tutakuwa kwenye 19 au 20. Lakini hifadhidata haiishi kwenye ukubwa wake tu. `VACUUM FULL` huandika jedwali zima upya kando kabla ya kulifuta la zamani. Na siku ya kuhamia Debian 12, inayokuja na PostgreSQL 15, `pg_upgradecluster` huunda hifadhidata ya pili kamili huku ya kwanza ikiwa bado ipo. Kwa hiyo 20 mara mbili, juu yake nafasi ya kupumua: GB 60. `/var` nikaipa 20, `/var/log` 8, `/home` 10. Bakapu za ndani, nakala 30 za GB 2.1, zinafika 63, nikaweka 80. Jumla GB 178.

Patisheni ghafi ni GB 414 (`df` ilionyesha 408 kwa sababu ext4 hula zake za kumbukumbu), kwa hiyo zilibaki GB 236, na hizo sikumpa mtu.

Mzee hakulipenda hilo. Mtu wa ghala haachi nafasi ikae bure. Nilimweleza hivi: kurefusha kipande ni amri moja, `lvextend -r -L +20G ghala/pg`, duka likiwa linauza na hifadhidata iko hewani. Kukifupisha ni habari nyingine: ext4 lazima uishushe kwanza, uikague, uipunguze, uombe umeme usikatike katikati, na mtu aliyechagua XFS, mfumo mwingine wa mafaili, ndiyo basi, haifupishwi, unahamisha na kuunda upya. Ukigawa yote leo, umeamua leo ya mwaka wa tano. Alielewa alipolinganisha na mtaji: "Kumbe hiyo ni hela iliyoko benki." Sikuwa na la kuongeza.

Jumapili tulifunga duka saa saba mchana. Nilikuwa nimeshaweka kifurushi cha `lvm2` tangu Ijumaa, na nakala ya `/home` ilikuwa kwenye diski ya nje, tena nimeifungua kuhakikisha inafunguka. Nikaingia hali ya uokoaji, huduma zote zimesimama. `umount /home`, `wipefs -a /dev/sda4`, `pvcreate`, `vgcreate`, halafu vipande kimoja kimoja, na ext4 juu ya kila kimoja, akiba ikiwa asilimia 1 badala ya 5. Nikapachika `/var` mpya pembeni, ndani yake nikatengeneza `log` na `lib/postgresql` na kuzipachika papo hapo, ili `rsync -aHAX` moja imwage kila kitu mahali pake na umiliki wake.

Kwenye `fstab` nilitumia UUID, namba ya kipekee ya kila mfumo wa mafaili, maana majina kama `sda` na `sdb` yanaweza kubadilishana siku diski ya nje ikitangulia kuonekana. `/var` niliipa masharti ya ulinzi `nosuid,nodev` lakini siyo `noexec`, linalokataza programu kuendeshwa kutoka humo. Hilo nililijua kwa maumivu ya zamani: dpkg, msimika vifurushi wa Debian, huhifadhi hati za vifurushi ndani ya `/var/lib/dpkg/info` na huziendesha kutoka humo. Ukizikataza, siku ya kusasisha mfumo utaona maajabu. Kabla ya kuwasha upya nikaendesha `findmnt --verify`, ikanionyesha kosa langu la herufi moja kwenye UUID ya `/var/log`. Dakika hiyo moja iliniokolea usiku mzima.

Bakapu niliipanga upya. Sasa inaandikwa kwanza kwenye kipande chake cha ndani, kisha inanakiliwa kwenye diski ya nje, na hati inaanza kwa `mountpoint -q /mnt/nakala`, isipokuta diski, inaruka hatua hiyo na kumtumia mhasibu barua pepe yenye maneno manne: "Diski ya bakapu haipo." Na kwa kuwa siamini hati, hata yangu, nikaichomoa diski, nikaipiga muhuri folda tupu iliyo chini yake kwa `chattr +i /mnt/nakala`. Folda ikishapigwa muhuri huo, hata `root` hawezi kuandika ndani yake, lakini diski inapachikwa juu yake kama kawaida. Nikajaribu `touch /mnt/nakala/jaribio`. `Operation not permitted`. Nilifurahi kuliko nilivyotegemea.

Adapta ya diski ya nje tuliifunga kwenye ekstensheni kwa utepe, na kijana wa stoo akapewa soketi yake ya kuchajia simu. Huenda huo ndio uliokuwa ukarabati wa maana kuliko wote.

Ilibaki kazi moja niliyoiacha makusudi kwa wiki nzima. `/var` mpya ilikuwa imepachikwa juu ya `/var` ya zamani, na ya zamani ilikuwa bado iko chini yake, kwenye mzizi, na GB zake 12. Mzimu ule ule, safari hii nimeufuga mwenyewe, kwa sababu mambo yangekwenda kombo ningefuta mistari mitatu kwenye `fstab` na kurudi nilikotoka. Jumapili iliyofuata nikarudi, nikaupachika mzizi tena kwenye `/mnt/chini`, nikaingia `/mnt/chini/var`. Kati ya kusafisha na kuliua duka palikuwa na neno moja tu la njia. Nikaandika `pwd`. Nikaandika tena. Halafu `tail log/syslog`: mstari wa mwisho ulikuwa wa Jumapili iliyopita, saa saba na dakika arobaini na moja mchana, pale pale nilipozisimamisha huduma. Ya zamani ndiyo hii.

Nikafuta. `df` ikasema mzizi umetumia GB 4.2, asilimia 17. Nyuma ya ukuta wa stoo mhasibu alikuwa anafunga hesabu za wiki, na printa ya risiti ikaendelea kukereza.